Ukienda kusini kuchora, anza na mvua

Kila ikikaribia trip ya kusini kuna madogo wa usanifu majengo wananitumia meseji wakiuliza wabebe nini na wachore nini, Iringa kuna nini, Mbeya kuna nini, wanataka listi ya majengo. Listi haina shida, majina mtayaona humu humu. Ila mi nikifungua yale madaftari yangu ya trip hiyohiyo nilipokuwa mwanafunzi naona kitu kimoja kinajirudia karibu kila ukurasa, nacho sio jengo, ni mvua. Yani kutoka Iringa mpaka Tukuyu, kule Rungwe, ukipanda kosta asubuhi unafika giza halijaingia, lakini ndani ya hiyo safari moja umetoka kwenye nchi ambayo wazee walikuwa wanaezeka paa la bapa la udongo ukaingia kwenye nchi ambayo paa la hivyo lisingemaliza msimu mmoja. Hilo ndo la kwenda kuchora, mengine nyongeza.

Lekchara wetu alikuwa na sheria moja tu, hakuna kutoa simu kupiga picha jengo kabla hujalichora. Alitangaza tukiwa tunapanda mlima Kitonga kabla ya kufika Iringa, kosta inanguruma, malori yamejipanga mbele yetu, watu wakaanza kelele kwamba hii ni karne gani mwalimu. Akasema picha utapiga kumi na hutazifungua tena, lakini ukikaa na nyumba nusu saa na penseli lazima utafika mahali ujiulize kwanini dirisha liko pale na sio kule. Hakuongeza neno akarudi kulala. Mi naona hii sheria mtu akiwa mwenyewe kwenye mizunguko yake anaweza kuivunja, ila kwa kundi la wanafunzi ni nzuri kweli, kwasababu bila hivyo wote mnarudi na picha ileile ya mnara uleule.

Na mnara wenyewe upo. Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, Ruaha Mdogo unapita huko chini, unaacha barabara ya Tanzam pale Ipogolo unaanza kupanda, na ukishaingia mtaa wa biashara kitu cha kwanza kinachokuita ni msikiti wa Ismailia wenye mnara wa saa. Darasa karibu zima likaenda kukaa mbele yake. Nawaelewa, mnara unachoreka kirahisi na mtu yoyote wa Iringa ukimwonyesha anajua ni wapi. Ila mkimaliza pale geukeni mchore mtaa wenyewe, zile nyumba za zamani za maduka zenye vibaraza vya mbele, kwasababu pale kuna somo ambalo darasani linaeleweka nusu nusu. Mtaa unashuka. Mapaa yamelala sawa, dari za vibaraza zimelala sawa, lakini barabara na mtaro vinateremka, kwaiyo mistari ya mapaa inakimbilia usawa wa jicho lako ila mistari ya barabara inakimbilia chini zaidi ya hapo. Ukiipeleka yote sehemu moja unapata mtaa wa Kariakoo, tambarare, sio Iringa. Na kinachobeba tofauti yote hiyo ni msingi. Mwanzo wa jengo unaingia dukani kwa ngazi moja, mwisho wa jengo hilohilo kibaraza kimefika kiunoni na kuna fundi cherehani kakaa juu miguu inaning'inia. Nilimchora yule fundi ili aonyeshe kimo, maana urefu wa jengo bila mtu karibu yake hauaminiki, akaniambia nimempa kichwa kikubwa. Kweli kilikuwa kikubwa.

Boma la Mjerumani, lile la mwaka 1900 ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, nendeni, kiingilio lipeni, halafu msichore uso wa mbele, kila mtu anauchora huo. Choreni dirisha moja mkiwa ndani. Unene wa ukuta unauona pale kwenye kizingiti, mwanga unaingia ukiwa umeinama, na kubaridi kwa ndani mtakusikia mpaka kwenye vidole vinavyoshika penseli. Kalenga nayo iko kama kilomita 15 kutoka mjini, historia yake tunaijua toka shule ya msingi, Mkwawa na ngome yake, Wajerumani walivyoivunja Oktoba 1894, fuvu lake lililorudishwa 1954 likawekwa pale makumbusho. Kwa mchoraji ni sehemu ngumu kwasababu ukuta wenyewe uliozunguka mji mzima umebaki mabaki tu, unaambiwa ulipita hapa ukazunguka kule, wewe unachora nyasi. Wenzangu waliondoka pale wamenuna. Mi nilichora mlalo wa ardhi na mto, na hapo angalau unaelewa kwanini mtu wa vita angechagua kukaa pale.

Kabla sijaendelea, jambo la watu. Mkionekana kundi la vijana na tepu ya kupimia na mabodi mikononi mnaanza kuingiza macho kwenye nyumba za watu, wenye nyumba hawawazi sanaa, wanawaza bomoabomoa. Mama mmoja nje kidogo ya mji alitoka mbio na kanga haijakaa vizuri, "Mmekuja kuweka X?" Ile X nyekundu ya ukutani kila mtu anayejenga karibu na barabara anaijua. Kwaiyo salamu kwanza, kamwene zenu, ile salamu ya Kihehe, mzitoe kwa sauti, kwa wakubwa shikamoo, mjieleze nyie ni wanafunzi, daftari mlifungue waone michoro mingine, na mkishamaliza mumwonyeshe mwenye nyumba ulichochora. Watoto watawazunguka, hilo halina dawa, mpeni mmoja kipande cha karatasi na penseli awe busy, kesho yake mtakuta kachora kuliko nyie.

Sasa tembe. Hii ndo nyumba ya kale ya Wahehe, majirani zao Wagogo na Wasangu nao hivyohivyo. Nyumba ndefu, kuta za miti na udongo, inazunguka uwanja wa ndani, na juu paa bapa la udongo. Kuzikuta nzima sa hivi ni shughuli, Operesheni Vijiji ya miaka ya 70 ilihamisha watu wakajipanga kwenye mistari, bati nalo likaja kumalizia. Tulichokipata ni babu mmoja upande wa Isimani, kule kukavu kaskazini mwa mji, ambaye alikulia ndani ya tembe na akakubali kukaa na sisi atuelekeze tuchore kwa maneno yake. Mi naona ile ndo ilikuwa asubuhi yenye faida kuliko zote. Anasema weka nguzo yenye panda hapa, nachora, anasema hapana mjukuu, hiyo fupi sana umemjengea mbwa, ndefu kidogo, mtu akiingia anainama lakini ndani anasimama. Juu ya panda mihimili, juu ya mihimili fito zimebanana, juu ya fito nyasi, juu ya nyasi udongo unashindiliwa. Nikamuuliza babu, mvua ikinyesha? Akasema kabla ya mvua tunapanda tunarudishia udongo palipotoboka, na mvua yenyewe ya huku unaiona, inakuja inaondoka. Halafu akaendelea na ambacho sikukiuliza, kwamba juu pale ndo mahindi na mtama vilikuwa vinaanikwa, watoto wanapanda kulinda ndege, na usiku kukiwa na baridi paa linakuwa bado lina joto la jua la mchana. Yani paa ni kinga, ni uwanja wa kuanikia na ni jiko la usiku kwa wakati mmoja. Nikachora sekisheni moja kubwa, yani nyumba kama imekatwa katikati uone ndani, udongo nikaupa unene wake, na pale ndo nikaona uzito wote ule unashuka kwenye nguzo zilizosimama karibu karibu, ndo maana vyumba vyake ni vyembamba. Huwezi kuwa na sebule pana chini ya mzigo ule.

Iringa mjini kwa mwaka inapata mvua ya milimita mia sita na kitu, saba hivi. Tukuyu inapita 2,000. Shikilia hizo namba mbili.

Njiani kwenda Mbeya kosta inasimama sana kwaiyo tumieni. Mafinga ni mji wa mbao, msitu wa Sao Hill uko pale, kenchi nyingi, zile mbao za kubeba paa, mnazoziona kwenye nyumba za Dar zimepanda lori hapa. Vibanda na uzio vimejengwa kwa mabanzi, yale magamba ya nje ya gogo yanayobaki mashineni, hakuna anayeyahesabu kama usanifu lakini choreni jinsi yanavyopishana ili maji yasiingie. Makambako ni upepo, nilichora nusu ukurasa ukageuka wenyewe. Ukishuka Chimala unaingia bonde la Usangu joto linarudi, mashamba ya mpunga, kisha milima ya Mbeya inajitokeza.

Mbeya mjini mi sina mengi. Mji wa juzi, ulikuja na dhahabu ya Lupa miaka ya 1920, Uhindini na Sokomatola kuna nyumba nzuri za maduka lakini mkitoka Iringa mtaona kama mmeshazichora. Stesheni ya Tazara hiyo msiiache. Reli ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na stesheni zake kubwa zimejengwa kwa mkono mmoja, zege, mistari mirefu ya ulalo, ukumbi wa kungojea wenye dari juu sana. Kaeni ndani siku isiyo na treni. Kitu kizuri cha zege ni kwamba kivuli chake kinakuwa kikali, unaweza kuchora jengo zima kwa vivuli tu bila mstari hata mmoja.

Na hapo niingize jambo la jua, maana wengi wanalikosea. Sisi huku tuko karibu digrii 8 kusini mwa ikweta, kwaiyo Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, kama digrii 59 kutoka upeo, Desemba linahamia kusini kidogo ya utosi. Maana yake wakati wa baridi, ile Juni na Julai mtu analala na masweta mawili, jua linapiga ukuta wa kaskazini. Upande wa kusini unabaki kivulini msimu wote na ndo upande wenye ukijani wa unyevu kwenye plasta. Nendeni mkaangalie wazee wamekaa upande gani wa nyumba asubuhi ya Julai. Paa likitoka nje ya ukuta sentimita 60, kivuli chake mchana huo wa Juni kinashuka kama mita moja tu kwenye ukuta wa kaskazini, dirisha chini yake linapata jua lote. Desemba ukuta huohuo saa sita haupati jua kabisa. Hakuna feni, hakuna hita, ni kujua tu uweke wapi kibaraza.

Ukitoka Mbeya mjini, pale Uyole unakata kulia, barabara inaanza kupanda kuelekea Rungwe na hewa inabadilika, migomba, chai, kijani ambacho rangi za maji za dukani hazina. Mlima Rungwe wenyewe una karibu mita 2,960 na siku nyingi huuoni, unaona mawingu yaliyokaa juu yake. Huku nyumba ya kale ilikuwa ya mianzi. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita Unyakyusa 1879, alizisifia sana, nyumba za duara zenye paa la umbo la pia, kuta zinazoinama kuelekea nje, udongo umefinyangwa vitonge vikapangwa katikati ya mianzi na kupakwa madoa kwa mpangilio. Hiyo ya kuta kuinama nje ilinisumbua kwenye karatasi, nikichora naona kama nyumba inaanguka, mpaka nilipochora na mvua, mistari inayotoka kwenye nyasi za paa inadondoka mbali na miguu ya ukuta. Udongo ule ukilowa chini nyumba imekwisha. Kwaiyo ukuta umeukimbiza mguu wake ndani. Mi sijawahi kukutana na fundi aliyeniambia hivyo kwa mdomo, ni penseli tu imeniambia, mwenye maelezo mengine alete.

Tukuyu mjini kuna boma la Mjerumani pia, mji wenyewe waliuita Neu Langenburg, na Rungwe Misheni ya Wamoraviani ipo toka 1891. Zuruni kote huko. Ila ninyi mkifika hapo nataka muangalie kitu ambacho hakipo kwenye listi ya mwalimu yoyote, nacho ni nyumba ya kawaida ya tofali la kuchoma.

Toka Iringa mpaka Tukuyu nyumba ya sasa ni moja. Unachimba udongo kwenye kiwanja chako mwenyewe, unafyatua kwa kibao, unaanika unafunika na nyasi, zikikauka unazipanga tanuru, chini unaacha midomo ya kuingizia kuni, nje unakandika tope, unachoma siku kadhaa usiku na mchana. Zilizokuwa katikati karibu na moto zinatoka nyekundu ya kuiva mpaka kahawia, nyingine zimepinda, za pembeni zinabaki na rangi ya chungwa ukigonga hazilii. Fundi mzuri anazijua, zilizoiva anapeleka msingini na kwenye kona, zile mbichi anazificha ndani kwenye kuta za vyumba. Kwaiyo ukikaa mbele ya ukuta usiopigwa plasta na kalamu za rangi tatu unaweza kuchora tanuru lilivyopangwa. Na shimo la udongo bado lipo nyuma ya nyumba, limeshaota migomba. Halafu pale mwisho wa ukuta kuna meno, tofali zinazotokeza moja moja, mwenye nyumba ameacha ili chumba kingine kikija kishikane. Kuna nyumba zina meno pande tatu. Wenzetu kwenye michoro yao waliyafuta meno wakaunyoosha ukuta, ikanikera, kwasababu umefuta mipango ya mtu ya miaka kumi. Kuni ndo ubaya wake, tanuru linakula miti na kila anayejenga anajua, sitetei hilo.

Basi Iringa na Tukuyu zina tofali lilelile na bati lilelile. Tofauti imekimbilia wapi? Imekimbilia kwenye ncha ya paa. Iringa paa linaishia karibu na ukuta, watu hawahangaiki. Rungwe ukichora utaona kingo zinatoka, sehemu nyingine mpaka zinaegemea nguzo, jiko la nje limeunganishwa na nyumba kwa kapaa kadogo ili mama asilowe akienda kuangalia chungu, na chini ya ukuta kuna mstari mweusi wa tope lililorukia mpaka magotini. Pima huo mstari wa tope. Unakwambia mvua kuliko mtambo.

Ndo maana mi na zile nyumba za kontempo tunagombana. Zile ambazo bati limefichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa, kwa nje inaonekana bapa, mistari mikali, rangi ya kijivu na nyeupe. Kule Isimani ningeikubali, ni tembe iliyoenda shule. Tukuyu ile bati inamwaga maji yote kwenye mfereji uliofichwa juu ya ukuta wako, majani ya miti yakiziba mfereji mara moja maji yanaingia sebuleni kwenye jasi ulilolipia, na ukuta wa nje umebaki uchi bila kofia unanyeshewa miezi yote hiyo. Na zinajengwa kwa kasi.

Tulikuwa tunachora boma moja la nyumba pale, kuta zimefika kwenye linta, mama mwenye nyumba akaleta viti na ndizi za kuchemsha, akakaa nyuma yangu kuangalia. Akauliza, mwanangu hilo paa umeliona wapi, mbona mi sijaezeka? Maana nilikuwa nimemchorea paa la mgongo linalotoka nje kwa nukta nukta. Kumbe fundi wake alikuwa hapohapo akacheka akasema hata mimi nilimwambia hilihili. Ikatoka hadithi yote, kijana wake yuko Dar, ndiye anatuma hela ya ujenzi, na kamtumia picha ya kontempo kwa WhatsApp anasema mama usijenge kizamani. Mama simu akatuonyesha, nyumba nzuri kweli, imepigwa picha siku ya jua.

Nikamchorea sekisheni mbili kwenye ukurasa mmoja, hii na ile, mvua nikaichora yote, mfereji nikaujaza majani ya mparachichi wake uliokuwa pale pale unatuangalia. Akasogeza karatasi mbali na macho, akaangalia, akamwuliza fundi hii ya kutoka nje inakula bati ngapi zaidi. Fundi akahesabu kwa vidole akasema mama bati zitaongezeka na mbao pia, lakini ule ukuta wa kupandisha juu tofali na saruji yake vinaondoka, hutapata hasara. Akasema ndaga, yani asante kwa Kinyakyusa, akamwambia binti yake apige picha ule mchoro amtumie kaka yake, akatuongezea ndizi. Kijana akajibu tukiwa bado tunakula, kwa voisi, mama akaifungua kwa sauti wote tukasikia: "Mama hao wanafunzi ni wa mwaka wa ngapi?"

Fundi ndo alimjibu.